Mkono Uliovuta Leso Songkhla

Kule Songkhla, kusini mwa Thailand, nilimwona mume wangu akimpiga mtu asiye na kosa mpaka damu ikachanganyika na mayai barabarani. Naanza hapo kwa sababu wenzangu wa kanisani, wakisikia nilifika Thailand, wanataka picha za bahari tu. Picha ninazo. Bahari yenyewe sikuitazama kwa raha, na simdanganyi mtu.

Sisi ni Wakenya, tunakaa La Rochelle, Johannesburg. Mimi nasuka nywele mjini, mume wangu ni mhasibu. Jioni moja, jua bado liko juu, tulisimamisha gari kwenye robot, ndivyo tuitavyo taa za barabarani huku. Nilikuwa nimeuvaa mkoba, mshipi umepita shingoni. Kosa la mgeni hilo, na mimi si mgeni! Kijana mmoja akavunja kioo cha upande wangu, akaushika mshipi, akavuta. Haukukatika. Nikavutwa mpaka kichwa na mabega vikawa nje, vigae vya kioo vikinichana kifua, pumzi imenikatika. Upande wa pili mwenzake alikuwa ameshamwekea mume wangu bastola sikioni. Naye akakaa, mikono juu, akinitazama ninavyonyongwa. Angefanya nini? Mshipi ulipokatika hatimaye, yule wa bastola akampiga mume wangu kwa kitako chake mdomoni, meno mawili yakang'oka. Wakaondoka wakitembea. Wakitembea, jamani, kama watu waliotoka kununua mkate.

Mimi shingo ilipona. Yeye hakupona. Wiki kadhaa zikapita, halafu siku moja mezani akasema anataka kununua bastola.

"Sitakaa tena mikono juu," akasema.

"Baba watoto, nisikilize vizuri. Siku bastola inaingia kwa mlango huu, mimi na watoto tunatokea kwa mlango huo huo. Nakuru ni nyumbani, na njia naijua."

Nami nikisema nimesema. Alinijua hivyo tangu uchumba. Lakini na yeye alikuwa ameshaanza kwenda kujifunza kulenga shabaha, na kila Jumamosi alirudi ananuka baruti. Nyumba yetu ilikuwa inavunjika hivi hivi naiona.

Ofisi yake ilipomtuma mkutanoni Thailand, nikajialika kufuatana naye. Watoto tuliwaacha kwa jirani yetu, fundi cherehani Mkongo, na mkewe, watu wema ambao mlango wetu huusukuma bila hodi. Nilitaka mume wangu atembee mahali ambapo hakuna mtu wa kumpiga, pengine moyo ungemrudia. Nilimwambia Mungu waziwazi: huyu mtu akirudi alivyo, basi ndoa imekwisha.

Mkutano ulipoisha tukaenda Songkhla. Mji mzuri, sitaunyima haki yake. Kuna mtaa wa nyumba kongwe za Wachina, milango ya mbao inakunjika kama kurasa, na kuta zimechorwa watu wakinywa chai, ukubwa wa binadamu. Watalii huketi kando ya hao wa kuchorwa wakapigwa picha. Mume wangu akakataa kuketi. "Mgongo wangu utakuwa barabarani," akasema. Basi nikaketi peke yangu na mzee wa rangi. Tulipofika kwenye kinu cha zamani cha mpunga, chekundu kote, kando ya ziwa, yeye alikuwa anahesabu milango ya kutokea. Mlimani, tumbili akaninyakulia chupa ya maji. Mume wangu akaokota jiwe akampiga nalo ubavuni. Tumbili alilia kama mtoto. Watu wakatutazama, nami nikaona aibu, nikamwambia, "Eish, hata tumbili, baba?" Alikuwa ameshaokota jiwe la pili.

Pwani ndiko nilikopata tumaini. Mchanga mweupe, mivinje imepangwa kama ya kwetu pwani, na visiwa viwili mbele, kimoja wanakiita Paka na kingine Panya. Juu ya mwamba kuna sanamu ya nguva anakamua nywele zake. Nikazikagua nywele zile kama za mteja aliyekuja saluni saa ya kufunga. "Hizi kuzisuka ni kazi ya kutwa," nikasema, "na kwa vile alivyonuna, atalalamika bei." Mume wangu akacheka. Akacheka kwa sauti, pengo lote nje! Tangu robot ile sikuwa nimelisikia cheko hilo. Nikamshika mkono, nikajisemea moyoni, basi, tumepona.

Tukapanda bajaji kurudi hotelini. Bajaji za kule ziko wazi ubavuni. Upepo ulikuwa mwingi, nami nilikuwa nimejizungushia leso yangu shingoni, ncha moja inapepea nje. Sikuijali. Pikipiki ikaja sambamba nasi, mwanamume wa makamo, trei za mayai amezifunga nyuma. Akaanza kupiga kelele kwa Kithai. Halafu akanyoosha mkono, akaikamata leso karibu na shingo yangu, akavuta.

Mume wangu alimtandika teke la kifua. Pikipiki ikalala, mayai yakamwagika, bajaji ikafunga breki, naye alikuwa ameshashuka. Alimkalia yule mtu juu akampiga ngumi za uso, moja baada ya nyingine, kimya kimya, kama mtu anayepigilia misumari. Nikapiga mayowe, "Muache! Utamuua!" Nikamvuta shati likachanika. Yule mtu wala hakuwa anapigana. Alikuwa amenyoosha kidole, anaonyesha bajaji.

Nikageuka. Ncha ya leso yangu ilikuwa imemezwa na gurudumu la nyuma, imesokotwa, nyeusi kwa grisi. Ilikuwa imechanika pale pale alipoishika yule mtu kuivuta. Kama asingeivuta, ingenivuta mimi. Nikakaa chini kwenye mayai.

Watu wakajaa. Mume wangu alipoiona leso, aliinuka, akatazama kundi lile, akapiga magoti, akaziba kichwa kwa mikono. Alikuwa anangoja wamuue. Kwetu mjini wangempiga mawe, pengine na tairi ingeletwa. Hapo alitoka kijana, mdogo wa yule mtu, akamzaba kofi moja zito la shavu, kisha akainama kumwinua ndugu yake. Kofi lile lilikuwa haki yake, wala sikulichukia. Polisi walikuja, tukaenda hospitali. Pua ya yule mtu ilikuwa imevunjika, jicho limefumba kabisa. Yule mtu aliuliza kitu, na dereva wa bajaji akanitafsiria kwa simu yake: anauliza mume wako ametoka vitani?

"Hapana," nikasema. "Ametoka Johannesburg."

Tulilipa matibabu na mayai, yule mtu akakataa kushtaki, polisi wakatuachia. Tuliporudi La Rochelle, mume wangu hakwenda tena kulenga shabaha. Hakunieleza kwa nini, nami kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuuliza. Nikafungua masanduku. Nikajua tumebaki pamoja.

Halafu ikaja Jumapili moja, tumetoka kanisani, pilau iko jikoni. Wezi watatu waliingia kwa mlango wa nyuma. Mmoja akanipiga kibao nikaanguka juu ya jiko, mkono ukaungua. Mwingine akampiga mume wangu nondo begani, nikasikia mfupa ukilia. Binti yetu walimkamata nywele, nywele nilizomsuka mimi mwenyewe jana yake, wakamburuta sebuleni awaonyeshe simu ziliko. Wakachukua walichotaka wakaondoka.

Sijui nilipatwa na nini. Nilisimama juu ya mume wangu aliyekuwa sakafuni, nikampigia kelele mbele ya watoto. "Bastola iko wapi? Eh? Mwanaume gani wewe! Ungekuwa nayo ungewangoja hapo mlangoni, wa kwanza kuingia ungemmaliza!" Mimi, niliyeapa kwenda Nakuru. Na nilikuwa nasema kweli yangu: nilitaka maiti.

Ndipo mlango ukapigwa teke, ukafunguka kwa kishindo. Mwanamume akaruka ndani, chuma kirefu mkononi, macho yamemtoka. Mume wangu akainua mkono mmoja mzima aliokuwa nao, vidole vimekunjwa kama vinashika kitu.

Alikuwa jirani yetu, yule fundi cherehani. Alikuwa amesikia mayowe.

"Beko wapi?" akauliza wezi walipo, kwa Kiswahili cha kwao, anahema. "Bale bezi beko wapi?"

Mume wangu akautazama mkono wake uliobaki hewani, akaushusha.

"Huyu, mama," akaniambia polepole. "Wa kwanza kuingia ni huyu."