Pole ya Mara Moja

Nakumbuka asubuhi moja pale sokoni Otonglo, na waliokuwepo nawataja ili asije mtu akasema bibi anaota. Nilikuwepo mimi, Peres Auma. Alikuwepo Okoth, mtoto wa binti yangu Akinyi, mwenye pikipiki, nami nimepanda nyuma yake na beseni langu la omena, dagaa wa ziwani. Na alikuwepo Mama Wanjiku muuza nyanya, ambaye wazazi wake walitoka Murang'a. Meza yake na yangu sokoni zimegusana tangu watoto wetu wakinyonya.

Mwanangu, juma lile Okoth alikuwa amefungiwa kidude kipya. Fundi Odhiambo wa Nyamasaria, binamu ya baba yake, alikikaza kwa nati kwenye usukani, karibu na kioo cha pembeni, waya ukashuka mpaka betri. Kazi yake kunusa rada ya polisi, ile mashine wanayoelekeza barabarani kujua nani anakimbia. Rada ikiwa mbele, kidude kinalia. Okoth alikipenda kama mzaliwa wa kwanza. Alikifuta vumbi kabla hajanawa uso wake.

Basi tulipotoka mjini nikaona miti inakimbia. Nikamgonga mgongoni. "Polepole, Okoth."

"Dani, tulia," akasema, maana bibi kwetu ni Dani. "Kidude kimenyamaza. Njia iko safi."

Nikamwambia tena polepole, upepo ukalichukua neno langu.

Kidude kilikuwa kimya tulipofika sokoni. Kilikuwa kimya Mama Wanjiku alipoingia barabarani na ndoo yake ya maji, na Okoth macho yako kwenye taa ndogo ya kile kidude. Nilisikia breki, kisha nikajikuta nimekaa mchangani, omena imenimwagikia kichwani, mzima. Okoth naye mzima. Mama Wanjiku alilala kando ya lami, mguu wake umeelekea upande ambao mguu hauelekei.

Hapo ndipo kidude kilipolia. Tii, tii, tii. Kumbe polisi walikuwa mbele kidogo, ndio kwanza wanaanza kupima magari. Kile kitu kilijua kumnusa polisi, mtu hakikumjua.

Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini siku ile asiyesikia alisimama kwa miguu yake miwili, na guu lililovunjika lilikuwa la mwingine. Hilo wazee hawakuniambia.

Tulipokwenda hospitali kumwona, mguu wote uko kwenye plasta, madaktari walikuwa hawajui kama atautembelea tena. Okoth akainamisha kichwa. "Pole, mama."

Mama Wanjiku akamjibu. "Hiyo pole, Okoth, ungeisema mara mbili ukiwa juu ya piki, leo usingekuja kuisema mara moja hapa."

Nikashika chuma cha kitanda. Maneno hayo niliyasikia nikiwa msichana, kabla Mama Wanjiku hajazaliwa. Nilikuwa nakimbia na mtungi kutoka ziwani, nashindana na dada yangu Awino, na nyanya yangu Rusalia akanisimamisha. Kwa Kijaluo pole ni mos, na polepole ni mos mos. Akasema, "Anayekataa mos mos njiani, ataipeleka mos nyumbani kwa watu." Tukacheka, tukadhani ni mchezo wa maneno. Na sasa nyanya aliyezikwa zamani ananisemea kwa Kiswahili, kwa kinywa cha mwanamke ambaye Kijaluo chake chote ni cha kuuzia nyanya.

Mama Wanjiku anatembea leo, kwa fimbo. Kidude Okoth alikitoa mwenyewe kwenye usukani, na kreti za nyanya za mama huyo yeye ndiye anayezibeba kila asubuhi.

Mwanangu, ukifunga kitu cha kukuonya polisi tu, utajifundisha kumwogopa polisi tu. Barabarani mwogope mama mwenye ndoo, maana yeye halizi kidude. Mwenda pole hajikwai, wala hamkwazi mwenzake. Mungu akupe safari ndefu na macho ya kuona watu, na pole yako iwe ya mara mbili siku zote.

Kama nimekosea jina la mtu, au kama ilikuwa beseni wala si ndoo, ninyi wa Otonglo mnisahihishe. Lakini ule mlio, na saa ulipolia, hapo sijakosea.