Upande wa Wifi

Kaka yangu ni fundi wa magodoro ya sufi, na watu wamembandika jina la Lepe kwa sababu hulala kazini. Wanamwonea bure. Godoro kabla ya kufumuliwa lazima fundi alilalie, mwili wake umwambie wapi pamebonyea na wapi pana vinundu. Mimi nashona mifuko ya magodoro hayohayo, chumba kimoja naye, kwa hiyo najua ninachosema: akipitiwa na usingizi juu ya godoro la mtu, hufika kulekule anakofika mwenye godoro akiota.

Godoro la mwokaji mikate lilimpeleka kwenye mji ambao mito hupita juu ya mapaa. La mwalimu mkuu lilimtupa kwenye nchi ya mbuzi wenye miwani, wote wakimsahihisha anavyotembea. Aliamka na vumbi la huko nyayoni, na aliyefagia ni mimi, tena kwa kununa. Siri za wateja hazikutoka nje ya chumba kile. Alikuwa mtu mtulivu: akiamka anakunywa chai yake, anashika sindano.

Utulivu ulimwisha siku alipoleta godoro la nyumbani kwake. Miaka yote yeye hulala upande wa ukutani, mkewe upande wa mlangoni. Siku hiyo akalalia upande wa mkewe. Alifika mtaa wa nyumba zinazojongea polepole kama ng'ombe malishoni, na katika mojawapo akamwona wifi yangu akitengeneza saa. Kila saa aliyoimaliza ilicheka, naye akacheka nayo. Viatu mlangoni vilikuwa vyake tu. Kiti kimoja, kikombe kimoja.

"Nimezunguka mtaa mzima," kaka akaniambia. "Sikujiona popote."

Nikamjibu kwamba ndoto hazina adabu, asitafute mchawi. Wapi! Tangu hapo akawa hakai hasimami, sindano inamchoma, chai inapoa. Watu huona wivu kwa sababu ya mwanamume mwingine. Huyu aliona wivu kwa sababu hakukuwa na mwanamume yeyote. Nilimhurumia, na papo hapo nilitamani kumzaba kibao.

Marehemu baba alituachia sharti moja la kazi: sufi ya kila upande irudi upande wake, maana ikishachanganyika haichambuliki tena. Akili ni nywele, na kaka yangu alipata upara mapema. Alingoja nitoke kununua uzi, akamwaga sufi ya pande zote mbili sakafuni, akaikoroga kwa fimbo. Nilirudi nikakuta sufi inapepea mpaka darini. Nilimsema mpaka sauti ikanikauka. Akalishona godoro, akalibeba kwake.

Baada ya siku chache wifi alikuja macho mekundu. Kwa kawaida tukitaniana mimi ndiye ninayeshindwa, lakini siku hiyo hakuwa na utani. Alisema huko ndotoni kuna mtu anambishia mlango bila kukoma. Nyumba ikijongea, anakimbia kando yake akibisha. Saa zake zimeacha kucheka.

"Humjui?" kaka akauliza.

"Uso wake siuoni vizuri. Ananichosha tu. Sina pengine pa kupumzika, na hapo napo ameingia."

Kaka akainama akitafuta sindano iliyokuwa mkononi mwake. Wifi alipoondoka nikamshauri atie sufi mpya, akakataa. Alisema hiyo ni kumbomolea mkewe mtaa mzima. Akasingizia mgongo, akahamia kwenye mkeka. Wifi akaanza kulala. Kaka akakonda.

Kisha mchana mmoja wifi akaingia tena, hakusalimu.

"Yule mtu haji siku hizi," akasema, kana kwamba sisi ndio tuliomficha.

Nikamuuliza kama si ndivyo alivyotaka.

"Nilitaka aache kubisha. Sikutaka aondoke. Nimefungua mlango, nimetoka kumtafuta, nyumba ikaniacha. Sasa kila nikilala najikuta barabarani, natembea tu."

Kaka akaweka kazi chini. Nje wateja walikuwa wakingoja na jua likiwaka. Akamshika mkewe mkono, akamwambia waende nyumbani wakalale.

"Mchana huu?"

"Mchana huuhuu. Nitakukuta hapohapo barabarani."

Wifi alimtazama uso, akautazama tena. Walipotoka yeye ndiye aliyetangulia, akimvuta.