Mawe Mawili ya Ukingoni

Papa, baba yangu, alikuwa mwashi wa reli, na daraja la mawe la mto wetu lilikuwa chini ya mkono wake. Kila Jumamosi aliyagonga mawe moja moja kwa nyundo, sikio karibu, maana jiwe lililolegea hulia kama sufuria tupu.

Kisha kazi ya reli ikafa, na mji ukaanza kubomoka. Watu waling'oa mawe ya ukingo wa daraja wakayapandisha juu ya nyumba, yakandamize mabati upepo usiyachukue. Papa akawa anazunguka mtaa mzima macho juu, akigombana na wanawake: "Ile jiwe iko ya daraja! Rudisha!"

Paa ambalo hakulitazama ni letu. Jirani aliyechoka kufokewa ndiye aliyemwonyesha kwa kidole: mawe mawili, na Mama ndiye aliyeyaweka.

 Papa aliyateremsha, akayabeba begani mchana kweupe huku watu wakimzomea, akayajenga tena mahali pake.

Mvua ya kwanza iliondoka na bati letu. Mama akatega beseni katikati ya kitanda, akamuuliza taratibu: "Papa, daraja yako iko kavu?"

Papa, ambaye hakuwa amecheka tangu kazi ife, alicheka mpaka akakaa chini.

Wote wawili wameshaondoka duniani. Nikipita darajani huyagonga mawe yale mawili kwa ufunguo wa nyumba, sikio karibu. Hayalii.