Mguu wa Kushoto wa Dobi

Asubuhi, kabla barabara haijajaa watu, Mama Pasi anapepea mkaa kwenye pasi yake, uzito wote ukiwa kwenye mguu wa kushoto. Ndivyo wanavyosimama madobi wa pasi nzito: mkono wa kulia unasukuma, mguu wa kushoto unabeba. Amesimama hivyo tangu kabla hajaolewa. Sasa ana wajukuu.

"Dada, si ukae?" anasema mdogo wake, anayefungua furushi la shuka za nyumba ya wageni.

"Nikikaa, hizi suruali zitajinyoosha?"

"Na ukilazwa, zitajinyoosha?"

Mama Pasi anavuta gauni lifunike bandeji kifundoni.

Chini ya goti mishipa imetokeza, minene, imejipinda. Kwa miaka mingi ilimletea uchovu tu jioni, na dawa yake aliitoa kazini: alikuwa analowesha kitambaa, anakipiga pasi, anajizungushia mguuni kingali kinafuka mvuke.

"Nilisikia raha mpaka usingizi unanichukua," anasema. "Kumbe najimaliza."

Joto lilizidi kuitanua mishipa iliyokwisha kulegea. Siku moja kitambaa kilikuwa cha moto mno, ngozi ikababuka. Kidonda kikagoma kufunga.

Mtaani wakasema ni donda ndugu, lile lisilopona. Hospitalini daktari akataja neno la Kiingereza, varikosi, akaendelea kuandika.

"Nilivyolisikia, nikajua mguu unakatwa," anasema. "Sikuuliza. Niliogopa jibu."

Muuguzi alimkuta nje kwenye benchi, analia, akamdodosa mpaka akasema anachokiogopa.

"Mama, kwa Kiingereza neno hilo husemwa kwa mshipa uliovimba na kujipinda," akamweleza. "Wakiliweka kwenye kidonda, wana maana kimeletwa na mishipa hiyo. Halina msumeno ndani yake. Ila ukiendelea kusimama kutwa na kujikanda moto, usitegemee kupona."

Mama Pasi alipumua, lakini si sana. Wiki ijayo anarudi kliniki. Kidonda kisipoonyesha dalili ya kufunga, daktari amesema aache pasi kabisa. Kazi nyingine haijui. Mumewe haoni tena, na pasi hiyo ndiyo inayolisha nyumba.

Jana seremala alifupisha miguu ya meza ya mashati. Leo Mama Pasi anaijaribu: ameketi kwenye stuli, mguu ameuinua juu ya ndoo iliyopinduliwa. Shati la kwanza linatoka na makunyanzi mgongoni.

"Hilo umelipiga pasi au umelikalia?" mdogo wake anauliza.

"Cheka tu. Meno ni yako."

Analinyunyizia maji, anaanza upya. Safari hii makunyanzi yamebaki begani. Analigeuza, analitazama muda mrefu, halafu analitundika.

Shuka ni ndefu, hazipigiki pasi kwa kukaa. Mpango wake ni kubaki na mashati na kumwachia mdogo wake shuka zote, pamoja na meza ndefu ambayo hajawahi kumwachia mtu.

"Nataka daktari akifungua bandeji hii akute ngozi changa, hata kama ni pembeni tu," anasema. "Hiyo tu. Mengine nitayazoea."

Anamkabidhi mdogo wake pasi kubwa. Macho yake hayambanduki mdogo wake.

"Ukiunguza hata shuka moja, nasimama."

"Simama uone. Naondoka, na pasi naenda nayo."

Mama Pasi anashusha pumzi, anavuta shati jingine. Mguu unabaki juu ya ndoo.