Kusubiri Taa ya Korido

Sista aliniletea draiva yake kwenye disketi siku alipopata habari za uhamisho. Alikuwa fundi redio wa hospitali yetu pale Ifakara, mtawa mzaliwa wa upande wa Mahenge, mwenye mikono mipana na maneno machache. Mimi nilikuwa mtu wa kompyuta wa hospitali hiyohiyo. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akaweka disketi mezani, akasema shirika lake linamhamishia mbali na anatakiwa kuondoka baada ya Pasaka. Kwaresima ilikuwa imeshaanza.

Draiva ni programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa fulani. Hiyo ya Sista ilikuwa ya kadi ya redio iliyotuunganisha na zahanati ya Chita. Masika barabara ilipomezwa na maji, ujumbe uliopita kwenye redio ile ndio uliotuambia dawa gani imekwisha na mgonjwa gani apakiwe kwenye treni. Lakini draiva ilikaa nje ya kiini cha mfumo, ile programu ya chini kabisa inayoendesha kompyuta yote. Kila toleo jipya la kiini lilipotoka, draiva iligoma, na Sista akaanza kuiunganisha upya. Akishaondoka, nani angefanya hivyo? Redio zilinipiga chenga tangu mwanzo. Ilibaki njia moja: draiva ikubaliwe ndani ya kiini chenyewe, ambako wanaokitunza, watu waliotawanyika duniani, wangeitunza na yenyewe.

Bahati nzuri, kukosoa nilikuweza. Nilikuwa nimejipatia kibarua kisicho na ujira cha kukagua draiva za redio kabla hazijafika kwa msimamizi wa sehemu hiyo ya kiini, bwana mmoja wa Ulaya niliyemfahamu kwa barua pepe tu. Sikumhurumia Sista kwa sababu ya shela yake. Nilimrudishia kazi kwa majina yasiyoeleweka, kwa kumbukumbu ya kompyuta iliyochukuliwa bila kurudishwa, kwa mistari mirefu inayochosha macho. Aliichukua, akarekebisha, akarudi. Safari moja aliniuliza kwa upole kama na mke wangu naongea naye hivyohivyo. Nikapunguza ukali, kidogo.

Nilipoona haina tena kasoro, niliituma. Nilijiamini sana.

Jibu lilikuja limekataa. Msimamizi alisifu usafi wa kazi, kisha akauliza kitu kimoja. Kompyuta ikiwashwa, draiva hii inaisimamisha mashine nzima, haifanyi lolote, inaisubiri kadi moja tu. Kwa nini? Kiini hakiwezi kupokea kitu cha namna hiyo.

Niliurudia mstari aliouonyesha. Nilikuwa nimeupita kila nilipokagua, na sikuwahi kuuona, kwa sababu hata mimi ndivyo nilivyoishi. Ifakara yetu, umeme ukikatika, unachomoa kila kitu ukutani na kuacha taa moja. Ukirudi, hugusi kitu. Unaitazama ile taa ikififia na kuwaka, mpaka itulie. Hospitalini ilikuwa taa ya korido. Nyumbani kwangu Viwanja Sitini ilikuwa ya ukumbini, na majirani wote walikuwa na ya kwao. Mgeni aliyewasha friji mapema aliipoteza, na tulimpa pole huku tukimshangaa. Sista aliandika draiva yenye tabia ya watu wa Ifakara: umeme ukirudi, simama, subiri. Nami nikaisoma nikaona ni akili ya kawaida.

Hasira zilinipanda. Nilianza kuandika jibu refu kwamba huyo bwana hajawahi kuishi na umeme wa kubembeleza, kwamba kadi ikiguswa kabla umeme haujatulia inamwaga takataka, herufi zisizo na maana. Sista alisimama nyuma yangu akasoma. Kisha akavuta kiti.

"Futa, mwanangu," alisema. "Ni kweli anachosema. Sisi tukisubiri taa, tunaendelea kuongea, tunamenya viazi. Mimi nimeifanya kompyuta isimame kama mlinzi. Subira si kusimamisha watu wote."

Nilifuta, kwa shingo upande.

Wiki Takatifu yote aliifanya kazi hiyo kati ya ibada na ibada. Draiva ikawa inaiacha kompyuta iendelee na mambo yake, huku yenyewe ikiichungulia kadi mara kwa mara, na kuipokea itakapotulia. Niliikagua kwa jicho jipya, nikiuliza kila mstari kama ungeeleweka kwa mtu asiyewahi kukatiwa umeme. Tuliituma Jumamosi. Jumatatu ya Pasaka nilimsindikiza stesheni, na jibu lilikuwa halijafika. Aliniomba nisimwahidi kitu.

Draiva ilikubaliwa akiwa ameshafika alikotumwa. Nilifurahi, lakini furaha yenyewe ilinikuta sina mtu wa kuangaliana naye.

Masika yaliyofuata lilitoka toleo jipya la kiini. Nililiweka asubuhi nikiwa na wasiwasi wangu wa zamani, mkono uko tayari kwa simu ya kumtafuta Sista. Mchana umeme ukakatika, ukarudi. Tulisimama koridoni tukiitazama taa, manesi na mimi, mpaka ikatulia, nikaenda kuwasha. Kompyuta ikaamka moja kwa moja. Baada ya kitambo kadi ikajiunga yenyewe, na ujumbe wa Chita ukaanza kuingia: mama mmoja wa uchungu mgumu, anakuja na treni, tumpokee.

Nilituma gari stesheni. Kisha nikarudi kukaa mbele ya mashine, nikitafuta kasoro, hata ndogo, ya kumpigia Sista. Haikuwepo. Alikuwa ameifanya kazi yake mpaka tukawa hatumhitaji, na mimi nilikuwa namhitaji.