Friji, Leseni na Mama Mkwe

Wasichana, leo friji yangu imevuliwa sweta!

Nimekimbilia saiba, duka la intaneti, hapa Kakamega mjini niwaambie kabla sijaacha kucheka.

Wiki nzima friji ilikuwa haipoi. Mafundi wawili nikawarudisha kwa sababu hawana leseni. Mama mkwe akanicheka: "Kwani leseni inatengenezanga friji?"

Mimi? Sikutingisika.

Leo akaja fundi wa tatu, kutoka Khayega, na leseni yake. Nikaisoma mpaka muhuri.

Hakufungua hata mkoba wa spana. Alitoa tu kile kitambaa kinachofunika friji mpaka nyuma.

"Mama, friji hutolea joto huku nyuma. Nyinyi mmeivalisha sweta!"

Kitambaa hicho alikifuma mama mkwe. Na alikuwa ameketi papo hapo.

Akanyoosha mkono.

"Hebu lete hiyo leseni niione vizuri."

Semeni ukweli, nyinyi mngempa?