Dhamana ya Miaka Hamsini

Mama mkwe wangu amefua shuka za hospitali miaka thelathini na mmoja, na kufuliwa kwetu sisi kwa maneno hakujaisha mpaka leo. Kazini walimwita Wembe. Ukichelewa atakupokea mlangoni, "Karibu, mapema yote hii?" Mimi kwa miaka mingi nilikuwa namjibu, "Asante, mama." Mke wangu akisikia hivyo anakimbilia jikoni kwa aibu. Sasa nifanyeje? Mimi ni fundi wa majokofu. Jokofu likinguruma, kuna kitu kimelegea, halingurumi kukutania. Binadamu ndio wananishinda.

Alipostaafu, mama alitangaza kwamba anarudi shule. Aliiachia kidato cha pili, baba yake alipofariki, akashika ndoo za watu. Miaka sitini na mitatu, jamani! Na mimi bosi wangu alikuwa ameshasema hanipi usimamizi wa karakana bila cheti cha kidato cha nne. Basi tukajikuta darasa moja la watu wazima, kila Jumamosi asubuhi, kwenye shule ya msingi yenye madawati ya watoto yanayogonga magoti. Yeye alikaa mbele, mimi nyuma kabisa. Nilisema ni heshima. Mke wangu alisema ni woga.

Mwaka wa kwanza mimi na mama sote tuliangushwa na insha. Yeye alipata kumi kati ya ishirini, na bila kumi na mbili mwalimu hakusajili mtu kwa mtihani. "Mwaka huu ndio wa mwisho," akatuambia tulipoanza tena. "Nikikosa, vitabu mtawashia jiko." Alikuwa anacheka, lakini mkono ulikuwa unafuta meza iliyokwisha kung'aa. Hilo hata mimi nililielewa.

Swali likaja: linganisha maandishi ya kushawishi na maandishi ya kejeli, kwa mifano yako mwenyewe. Mwalimu ana wanafunzi arobaini na macho mawili, kwa hiyo ana utaratibu wake. Tunaandika namba badala ya majina, insha zinachanganywa, kila mtu anakagua ya mwenzake: andika kilicho kizuri, kilichoharibika, na cha kufanya, halafu toa alama. Mwandishi anapewa wiki moja ya kurekebisha, kisha mwalimu anatoa alama ya mwisho. Baada ya hapo, basi.

Nikapewa namba ishirini na tatu. Ilianza hivi: "Kuna fundi mmoja wa majokofu aliyeniandikia barua ya kumposa binti yangu." Mungu wangu! Nikainua macho nimrudishie mwalimu, kumbe ameshatoka.

Niliisoma karakanani, nimekalia jokofu lililokufa. Mfano wa kushawishi ulikuwa barua yangu ya posa. Ndani yake niliahidi kumtunza binti yake "kama mtambo wa thamani," Mungu anisamehe, nilikuwa kijana. Mfano wa kejeli ulikuwa jibu lake: "Bwana fundi, tumefurahi. Kwa kuwa binti yetu ni mtambo, tuletee dhamana ya miaka hamsini, yenye mhuri, pamoja na orodha ya vipuri."

Nami nilipeleka. Ndiyo, cheka tu. Niliandika dhamana ya miaka hamsini, nikapiga mhuri wa karakana, bosi akatia sahihi kama shahidi. Kwenye vipuri nikaorodhesha vyumba viwili, cherehani na subira. Nilikuja kujua ilikuwa kejeli siku ya harusi, ukumbi mzima uliposomewa dhamana yangu ukaangua kicheko. Miaka kumi na sita nimekula mezani kwa mama huyu nikiamini ananiona bwege.

Sasa nikakuta ameandika: "Jibu lile lilikuwa la kumkataa. Nilitaka aone haya, asirudi tena. Akarudi na mhuri. Nikasema, mtu anayeshika neno hata la mzaha, huyo namwachia mwanangu." Nilirudia mistari hiyo mara tatu. Moyo wangu ukawa mweupe, nikavua miwani nikaifuta kwa kitambaa cha grisi, ikachafuka kabisa.

Tabu ni kwamba insha iliishia hapo. Swali lilisema linganisha. Mama alikuwa amesimulia. Tamu, ndiyo, lakini swali limebaki pale pale. Kosa la mwaka jana hilo hilo! Na mwaka jana mkaguzi wake aliandika "Nzuri sana, hongera," maana darasa zima linaujua mwandiko wa Wembe, na nani atautia mkono motoni?

"Mpe kumi na nane ulale," mke wangu akanishauri.

"Na mwalimu akimwangusha?"

"Hapo atakuwa mwalimu, si wewe."

Nilikaa na kalamu hadi chai ikapoa. Mwisho niliandika kumi na moja. Nikaeleza: useme kila barua inamtaka msomaji afanye nini, na inamfikishaje huko, wapi zinafanana, wapi zinaachana. Chini kabisa nikamalizia kwa neno ninaloandika kwenye kadi ya kila jokofu lisilostahili kutupwa: Inatengenezeka.

Jumamosi nikairudisha kwa mwalimu, na wiki iliyofuata, ndugu yangu, usiombe. Jumapili tu mama akaingia kwetu na daftari kwapani. "Kuna zezeta limenipa kumi na moja! Fundi, mtu kama huyo si wa kufungwa?"

"Labda alikuwa na nia njema, mama."

"Nia njema! Huyo atakuwa msomi mkubwa. Ningemjua ningembusu miguu." Akafungua daftari. "Hebu nieleze, anaposema 'inamfikishaje huko,' zezeta anataka nini?"

Nikamweleza, jasho linanitiririka. Jumanne akarudi. Alhamisi akarudi. Kila akija, zezeta linatukanwa kwanza, ndipo tunafungua daftari. Nilipungua mpaka mkanda ukahama tundu.

Jumamosi mwalimu akasoma namba za watakaosajiliwa. Yangu, namba nne, kumi na tatu. Mkaguzi wangu alisema ni kavu kama kijitabu cha maelekezo ya mashine. Nimepita, potelea mbali. Nikasubiri. "Ishirini na tatu: kumi na saba." Nilishusha pumzi mpaka jirani yangu akageuka. Kule mbele mama aliilaza mikono yote miwili juu ya karatasi, mabega yakashuka.

Nje, karibu na bomba la maji, akanipa insha. "Soma mwisho."

Nikasoma: "Barua ya kushawishi humshika msomaji mkono; ya kejeli humkanyaga mguu ili asogee mwenyewe. Zote zinataka asogee. Ila kejeli huhitaji msomaji wa kuing'amua. Mimi nimempata mmoja aliyeniamini kila neno, mara mbili, na mara zote mbili nimefaidika."

"Mara mbili, mama?"

Akaweka kidole kwenye neno langu la mwisho, Inatengenezeka. "Kadi yenye neno hili ilining'inia kwenye jokofu langu mwaka mzima. Nilikujua kabla sijaketi."

"Kwa hiyo zezeta..."

"Ulidhani nani?" Akacheka mpaka akashika bomba. Kisha akatulia, akafuta macho kwa upande wa kanga. "Darasa zima liliniogopa, fundi. Wewe unayeniogopa kuliko wote ndiye uliyeniambia. Ile dhamana imebakiza miaka mingapi?"

"Thelathini na minne, mama."

"Basi na mimi niandike humo."

Sikujua kama anatania. Jumatatu nilichelewa kazini, maana nilipitia kwake na mhuri.